Bi Kidawa, Mtu wa Baada

Wanaosema Idara ya Shuhuda ni idara ya uongo hawajawahi kufanya kazi pale. Mimi nimefanya kazi pale miaka kumi na tisa, nikiwa Mwandishi wa Shuhuda Daraja la Tatu, na naweza kuapa kwamba hatukuwahi kusema uongo hata siku moja bila kibali cha maandishi.

Idara ilianza hivi. Zamani nchi yetu ilikuwa ikitoa huduma tu, kienyeji, bila mpango. Serikali ikichimba kisima, watu wanachota maji na kwenda zao, hakuna hata anayelizungumza. Siku moja Mkuu wa Nchi, akiwa ndani ya gari lake, aliona bango la sabuni ya upele. Kushoto alikuwepo mtu mwenye upele, chini yake pameandikwa KABLA. Kulia mtu yule yule, ngozi nyororo, anatabasamu, BAADA. Mkuu wa Nchi, ambaye hakuwa na upele, alisimamisha msafara wa magari kumi na saba akanunua katoni mbili.

Siku hiyo hiyo akawaita mawaziri. "Ndugu zangu," akawaambia, "nimegundua jambo. Mtu hanunui sabuni. Mtu ananunua yule jamaa aliyepona. Sisi tumehangaika na sabuni miaka yote hii, kumbe kinachotakiwa ni jamaa." Mawaziri wakaandika neno "jamaa" kwenye madaftari yao na kulipigia mstari.

Baadaye ilifahamika kwamba mwenye kiwanda alizipanga zile picha kinyume, kwa kuwa yule mtu aliota upele baada ya kuitumia sabuni. Lakini wakati huo Idara ilikuwa imeshaajiri watu mia mbili, na haingekuwa ungwana kuwarudisha nyumbani kwa sababu ndogo kama hiyo.

Kazi yenyewe si ngumu. Raia yeyote anayepata chochote kutoka serikalini, iwe hati ya kiwanja, barabara au chanjo, anapigwa picha mbili na kuandikiwa ushuhuda, kisha jina lake linaingizwa kwenye Daftari. Mwongozo unataka kila ushuhuda uwe na mambo manne: siku ya kukata tamaa, jina la taasisi iliyomwokoa mteja, machozi, na neno moja kwa wale ambao bado wanasitasita. Machozi lazima yawe ya mteja mwenyewe. Kulikuwa na mwandishi mwenzetu aliyetumia ya shangazi wa mteja, akahamishiwa mpakani.

Kwa picha za Kabla tulikuwa na kanga moja chakavu, iliyotoboka begani, ikitunzwa stoo chini ya kufuli. Mteja anaisainia, anajifunga, anapigwa picha, anairudisha. Imevaliwa na wakulima, wajane, profesa mmoja wa hesabu na mkandarasi wa daraja. Msomaji mmoja aliwahi kuandika gazetini akiuliza kwa nini maskini wote wa nchi hii wana kanga moja. Idara ikamjibu kwamba umaskini ni mmoja, ndiyo maana tunaupiga vita kwa pamoja. Jibu hilo halikuandikwa na mimi, na mpaka leo naona wivu.

*

Bi Kidawa alikuja ofisini Jumanne asubuhi akipapasa ukuta. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, fundi cherehani wa Mtaa wa Mnadani, aliyeshona sare za shule kwa miaka thelathini na minane. Macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe katikati, mtoto wa jicho, na aliponisalimia aliielekeza sura yake kwenye kabati la mafaili.

"Shikamoo, Bi mkubwa," nikamwamkia kutoka upande wangu.

Akageuka. "Marahaba, mwanangu. Nimetoka hospitali. Wanasema hawampokei mtu mpaka apitie kwenu."

"Ni kweli. Sisi tunakufungulia Kabla kwanza, ndipo wao wakutibu, halafu unarudi kwetu kwa ajili ya Baada."

"Nifungulie basi upesi. Wiki iliyopita nimemshonea mtoto wa watu shati, mikono yote miwili ikawa upande mmoja. Mama yake hakusema kitu, akalichukua, akaondoka. Afadhali angenitukana. Mimi sina mtu wa kunilisha, mwanangu. Nina ile cherehani tu. Nisipoona, nimekwisha."

Nilikuwa nimeshaandika maneno "nisipoona, nimekwisha" kwenye nafasi ya siku ya kukata tamaa, maana yalikuwa mazuri sana, wakati Mkurugenzi Tamimu alipoingia.

Mkurugenzi Tamimu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kuongea na mtu mmoja kana kwamba ni umati. Jumamosi ya wiki ile Mkuu wa Nchi alikuwa azindue Wiki ya Mabadiliko, na Idara ilikuwa imeahidi bango la macho. Kilichokosekana ni mashine ya kupasulia macho. Mfadhili mmoja wa nchi ya mbali alikuwa bado anafikiria kama atatupa.

Akamtazama Bi Kidawa kwa furaha. "Huyu. Huyu ndiye."

"Mheshimiwa," nikasema, "mashine bado haijapatikana."

"Bwana Mabruki, tangu lini matokeo yakasubiri mashine?" Akamwinamia yule mama. "Mama yetu mpendwa, taifa limekuchagua. Katika mamilioni ya wananchi wanaosubiri mwanga, wewe utakuwa wa kwanza kuona."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Kidawa. "Nitapasuliwa leo?"

"Leo utapigwa picha. Kupasuliwa ni suala la utekelezaji."

Picha ya Kabla ilipigwa saa nne kamili, Bi Kidawa akiwa amejifunga ile kanga ya stoo. Ya Baada ilipigwa saa nne na robo, kwa kanga mpya, ameshika gazeti ambalo mpigapicha alihakikisha haliko juu chini. Kwa muda wa dakika kumi na tano tu sayansi ya macho nchini mwetu ilikuwa imepiga hatua ambayo haijapigwa popote duniani. Mimi nikaandika ushuhuda, nikamsomea: jinsi alivyokata tamaa, jinsi serikali ilivyomshika mkono, jinsi alivyolia alipoiona tena sindano yake, na neno lake kwa wanaosita: "Msiogope, mimi nilikuwa kama ninyi."

"Haya yote nimeyasema mimi?" akauliza.

"Utayasema ukishaona."

"Basi nisomee tena, niyajue."

Nikamsomea tena. Kisha nikagonga muhuri na kuliingiza jina lake kwenye Daftari, ukurasa wa watu wa Baada. Niligonga mwenyewe, kwa mkono huu, bila kufikiri.

*

Bango lilikuwa na urefu wa ghorofa tatu. Lilisimamishwa mbele ya hospitali kuu, na kwa siku sita likafanya kazi ambayo redio haikuweza kuifanya kwa miaka sita. Watu waliokuwa wamekaa majumbani wakisema macho ni majaliwa waliambiana kwamba kuna mama wa Mnadani amepona. Wakafunga mizigo.

Siku ya saba Dakta Sikitu, daktari pekee wa macho wa hospitali ile, alikuja ofisini kwetu bila miadi. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyechoka, na hakukaa tulipomkaribisha.

"Nina watu mia nne na kumi na wawili kwenye veranda yangu," akasema. "Kila ninayemuuliza shida yake ananiambia anataka alichofanyiwa yule mama. Nimekuja kuuliza, yule mama alifanyiwa nini?"

"Alifanyiwa bango," nikasema.

Mkurugenzi Tamimu alifurahi mno kusikia idadi ile. Alimweleza Dakta kwamba hii ndiyo inaitwa kuaminika: mtu haamini maneno ya serikali, haamini hata ya daktari, anamwamini mtu wa kawaida kama yeye aliyekuwa taabani na sasa hayuko taabani. "Watu mia nne, Dakta. Na hapo hata huduma haijaanza. Fikiria ingekuwa imeanza."

"Ningefikiria kwa raha zaidi kama ningekuwa na mashine," akasema Dakta Sikitu.

*

Mfadhili alifika mwezi uliofuata. Alikuwa mzee mrefu, mwenye adabu, na alikuwa na kasoro moja iliyoitia Idara hofu: hakupenda ripoti. Tulimwandalia ripoti ya kurasa mia tatu, akaiweka mezani, akaweka kofia yake juu yake, akasema kupitia kwa mkalimani kwamba angependa kumwona yule mama wa bango akifanya kazi yake. Akimwona, mashine itakuja. Asipomwona, atafikiria nchi nyingine.

Nikatumwa Mnadani kumleta Bi Kidawa. Nilimkuta amekaa karibu na cherehani yake, akiwa ameifunika kitambaa kama watu wanavyofunika chakula. Nikamweleza yote, maana nilianza kuona aibu. Nikamwambia Mkurugenzi anataka atunge uzi kwenye sindano mbele ya mgeni.

"Na nisipoweza?"

"Mgeni ataondoka, na mashine haitakuja."

"Wale watu wa verandani?"

"Watarudi makwao."

Akafikiri. "Na nikiweza? Mimi nitapasuliwa lini?"

"Mkurugenzi anasema baadaye."

Bi Kidawa akacheka kidogo, si kwa furaha. "Nipe kanga yangu ile nzuri, iko kwenye msumari nyuma ya mlango."

Ukumbi ulijaa. Mkurugenzi Tamimu alitoa hotuba ya saa moja na dakika ishirini iitwayo "Mwanga: Ulikotoka, Ulipo na Uendako". Halafu sindano ikaletwa juu ya sinia la shaba, na uzi mweusi kando yake.

Bi Kidawa aliuchukua uzi, akaukata ncha kwa meno, kwa mshazari. Akaulowanisha midomoni. Akaubana katikati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ncha ikawa haionekani kabisa, kisha, badala ya kuupeleka uzi kwenye sindano kama tunavyofanya sisi tusiojua, akaishusha sindano juu ya uzi, polepole, akihisi kwa ngozi ya vidole. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani. Sindano ikameza uzi mara ya kwanza. Akauvuta, akapiga fundo, akaweka mikono mapajani.

Ilikuwa miaka thelathini na minane ya kazi, na mimi peke yangu mle ndani ndiye niliyejua ninachokitazama. Wengine wote walikuwa wanatazama macho mawili yaliyopona. Mfadhili alitoa leso. Mkurugenzi akaniashiria niandike kwamba Mfadhili amelia, ingawa mwongozo hauyatambui machozi ya wafadhili.

*

Mashine ilikuja baada ya miezi miwili. Ikafungwa, ikajaribiwa, na asubuhi ya kwanza Bi Kidawa alikuwa wa kwanza mlangoni na furushi lake la nguo. Karani wa hospitali akalitafuta jina lake.

"Mama, wewe ni mtu wa Baada."

"Najua wanavyosema. Lakini sioni."

"Hapa inaonyesha unaona. Unaona tangu mwezi wa tatu, saa nne na robo."

Dakta Sikitu akatoka chumbani, akamshika kidevu, akamwangalia macho kwa kurunzi yake ndogo. Akasema kwa hasira iliyotulia kwamba huyu mama haoni hata vidole, na kwamba mtoto wa jicho ameiva vibaya. Kwenye jicho la kulia shinikizo limeanza kupanda. Ikipita miezi miwili bila kupasuliwa, hakuna daktari atakayeweza kumrudishia kitu. Akaagiza aingizwe ndani.

Karani akapiga simu kwetu. Mkurugenzi Tamimu akaja mwenyewe, mimi nikiwa nyuma yake na Daftari kwapani.

"Dakta," akasema kwa upole, "Sheria ya Shuhuda, kifungu cha tisa: aliyekwisha kubadilika hatabadilishwa. Ukimpasua huyu mama leo, unawaambia wananchi kwamba jana alikuwa haoni. Na jana lile bango lilikuwa pale pale. Lilizinduliwa na nani lile bango?"

Dakta Sikitu akaizima kurunzi yake. Kila mtu anajua nani alilizindua.

"Kwa hiyo tunaelewana. Hawa wengine mia nne na kumi na wawili, wapasue wote, na Mungu akubariki. Huyu yeye ameshaona."

Kule nje wagonjwa walikuwa wanamshika mkono Bi Kidawa na kumshukuru. Bibi mmoja alimwambia, "Dada yangu, tumekuja kwa ajili yako." Bi Kidawa akamwambia Mungu akuponye, akaanza kuitafuta njia ya kutokea. Nikamshika mkono nikampeleka nyumbani. Njiani hakunilaumu hata kidogo, na mimi nilitamani sana anilaumu.

*

Nisidhaniwe kwamba serikali yetu haina huruma. Upo utaratibu wa mtu wa Baada kurudi Kabla. Anakwenda mbele ya Kamati ya Marejeo yenye wajumbe watatu, anapewa tamko la kurasa mbili, analisoma mwenyewe kwa sauti, kisha analitia saini. Tamko la macho linaanza hivi: "Mimi, nikiwa na akili timamu, natamka kwamba sioni."

Mara ya kwanza Bi Kidawa alipewa karatasi, akasema hawezi kuisoma. Mwenyekiti akamjibu kwa masikitiko kwamba tamko lisilosomwa si tamko, na Kamati haiwezi kufanya kazi kwa hisia. Akapangiwa tarehe nyingine, wiki tatu mbele. Katika ile miezi miwili ya Dakta Sikitu, wiki tatu zikawa zimekwenda.

Hapo nikafanya kitu nilichokiona ni cha busara. Nililinakili lile tamko, nikaenda Mnadani kila nikitoka kazini, nikamkaririsha. Alikuwa na kichwa chepesi, alizoea kushika kichwani vipimo vya watoto wa shule tatu. Kufikia mwisho wa wiki ya pili alikuwa analijua neno kwa neno. Nikamfundisha pa kupumua. Nikamfundisha kwamba akifika kwenye "kwa manufaa ya taifa" ageuze ukurasa.

Siku ikafika. Bi Kidawa akasimama, akaishika karatasi mbele ya uso, akalisema tamko lote kuanzia jina mpaka tarehe, bila kukwama, akageuza ukurasa pale pale. Alipomaliza, wajumbe walitazamana.

"Bi Kidawa," akasema Mwenyekiti, "nimeongoza Kamati hii miaka sita. Maprofesa wamesimama hapo. Hajapata kutokea mtu aliyesoma vizuri kiasi hicho."

Kamati ilichukua dakika mbili. Ikathibitisha kwamba mteja anaona, na kwamba anaona vizuri kuliko inavyosema rekodi. Ikapendekeza apewe cheti.

Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile na Bi Kidawa, cheti kikiwa mapajani mwake, na nikajisikia mtu mbaya kuliko nilivyowahi kujisikia. Nilimwambia hivyo hivyo.

"Wewe si mbaya," akasema. "Ila unafanya kazi mbaya kwa bidii."

*

Zilibaki wiki tano. Nilizitumia kulisoma Daftari, maana ndicho kitu pekee ninachokielewa. Katika miaka kumi na tisa watu waliotoka kwenye ukurasa wa Baada walikuwa wa aina moja tu.

Basi Jumatatu moja, baada ya chai ya saa nne, nikachukua fomu ya vifo nikaandika kwamba Bi Kidawa, fundi cherehani wa Mnadani, ameaga dunia, na amezikwa kijijini kwao asubuhi hiyo hiyo. Nilishaandika mengi yasiyo kweli katika kazi yangu, lakini huo ndio uongo wa kwanza niliouandika bila kuagizwa. Adhabu yake ni kifungo, na hakuna anayepigwa picha akitoka.

Mkurugenzi Tamimu aliisoma fomu akavua miwani. "Amezikwa tayari?"

"Tayari, Mheshimiwa."

"Na hatuna picha hata moja ya maziko." Alihuzunika kikweli. Alasiri hiyo bendera ya Idara ilishushwa nusu mlingoti, na siku ya Ijumaa akasoma taazia redioni. "Ametutoka Bi Kidawa," alisema, "lakini hakutoka gizani. Ameondoka akiona. Ameyaona mauti yakija, akayatambua, shukrani kwa sera madhubuti." Bango likaongezwa mstari: ALIONA MPAKA PUMZI YA MWISHO. Naambiwa wiki ile wagonjwa wapya mia mbili walijiandikisha.

Bi Kidawa aliisikia taazia yake kwa jirani. "Amesema vizuri," aliniambia. "Nilikaribia kulia."

Jumatatu iliyofuata akaja ofisini mgeni kutoka shamba, anapapasa ukuta, jina lake Bi Mwanakheri, mdogo wake marehemu. Naye alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Mkurugenzi Tamimu aliposikia alitoka mbio.

"Ndugu wa marehemu. Huyu ni wa kwanza kwenye foleni. Dada aliona, mdogo wake ataona, hili ni bango la familia." Alimtazama usoni, akakunja uso. "Lakini mama, mimi na wewe hatukuwahi kuonana?"

"Mimi, Mheshimiwa," akasema Bi Kidawa, "sijawahi kukuona."

Ikaletwa kanga ya stoo. Akaisainia kwa dole gumba, akajifunga bila kuelekezwa, na akapigwa picha ya Kabla. Dakta Sikitu alipopelekewa fomu ya Bi Mwanakheri aliisoma mara mbili, akanitazama. "Mimi sijui majina," akasema. "Mimi naletewa macho." Akampasua Jumatano, zikiwa zimebaki siku kumi na moja.

*

Bendeji ilifunguliwa kesho yake asubuhi wodini. Mkurugenzi Tamimu alikuwepo, na mpigapicha, na taa mbili kubwa zilizofanya muuguzi atoke nje kwa joto. Mimi nilisimama mlangoni na ushuhuda ambao nilikuwa nimeshauandika tangu juzi, kama kawaida.

Dakta Sikitu aliiviringua bendeji, akampangusa taratibu, akamwambia fungua.

Bi Kidawa akafungua macho.

"Mama, tazama kamera," akasema Mkurugenzi. "Na machozi yakija usiyazuie."

Hakutazama kamera. Alitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama anayekagua kitambaa kabla ya kukikata. Alitazama ukuta ambao rangi yake ilikuwa imebabuka. Alitazama nzi kwenye kioo cha dirisha, na akakaa naye muda mrefu sana. Alimtazama Dakta Sikitu, akamwambia, "Kumbe wewe msichana," kisha akarudi kwa nzi.

"Mama, kamera iko huku."

"Naiona. Ngoja kwanza."

Mpigapicha alipiga picha kumi na moja. Mkurugenzi akazipitia zote, akitikisa kichwa. Katika kila moja mama ametazama pembeni, mdomo wazi, macho mekundu, nywele zimelaliwa na bendeji.

"Hazifai," akasema. "Hatabasamu, halii, hata kututazama hatutazami. Nani atamwamini huyu? Ukizilinganisha na za marehemu, marehemu ndiye aliyekuwa anaona." Akanigeukia. "Bwana Mabruki, andika kwamba mabadiliko hayajaonekana. Mwache Kabla. Bango la marehemu litaendelea."

Wakazima taa, wakakusanya nyaya zao wakaondoka. Nikaandika nilivyoagizwa, nikagonga muhuri.

"Mabruki ni yupi?" akauliza Bi Kidawa.

"Ni mimi, Bi mkubwa."

Alinitazama kuanzia juu. "Kumbe una mvi. Miezi yote hii nakuita mwanangu, kumbe mtu mzima mwenzangu."

Hapo nililia. Nililia kwa sauti, nimeshika kitanda cha watu, mpaka Dakta Sikitu akanisogezea kiti. Lakini yalikuwa machozi ya mtumishi, na mwongozo unataka ya mteja, kwa hiyo hayakuandikwa popote.

Bi Kidawa alikuwa ameshaacha kunitazama usoni. Alinyoosha mkono akanigusa kifuani.

"Hiki kifungo cha pili nani amekishona kwa uzi wa buluu? Shati lenyewe ni la rangi ya maziwa."

"Nilishona mwenyewe."

"Na unakwenda nalo kazini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Na wote wale hawakuona?" Akasogea ukingoni mwa kitanda, akashusha miguu chini. "Vua."

Nikavua.